Mwanaume Kaenda Wapi? Wasichana wa Vitabu vya Shule na Kazi ya Vijana wa Tosamaganga

Kuna mchezo mmoja wa kuigiza ambao karibu kila aliyesoma sekondari Tanzania ameuona, ingawa hauna mwandishi na haujawahi kuchapishwa. Unaigizwa tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Unarudi tarehe 11 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, na unarudi tena kwenye mahafali, wageni rasmi wakiwa wamekaa chini ya turubai. Hadithi yake unaijua. Baba ni mlevi. Kama mchezo unaigizwa Iringa, basi atashika kidumu cha ulanzi. Mama analia kila onyesho. Binti anatembea kilomita nyingi kwenda shule ya kata. Kijana wa bodaboda anampa lifti, halafu chipsi, halafu simu. Binti anapata mimba. Anafukuzwa nyumbani, anapanda basi kwenda Dar kuwa beki tatu, anarudi amekonda, mtoto mgongoni. Mwishoni waigizaji wote wanajipanga mstari na kusema kwa sauti moja: wasichana, tusome, tuepuke tamaa. Makofi. Mgeni rasmi anasimama na kusifu ujumbe mzito.

Sasa nina swali moja tu. Yule wa bodaboda kaenda wapi?

Maana onyesho la pili alikuwepo, tena ndiye aliyechekesha watu kuliko wote. Onyesho la tatu hayupo. Hakuna anayemtafuta: si baba, si mwalimu mkuu, si mtendaji wa kijiji, hata mwandishi. Kazi yake ilikuwa kuleta chipsi na kuondoka. Binti ndiye anayebaki jukwaani kubeba mimba, aibu na funzo la hadithi. Na hili linaigizwa siku ya kutetea haki zake!

Nimechagua kulitazama jambo hili kwa jicho la Tosamaganga, na sababu ninazo. Tosamaganga iko nje kidogo ya mji wa Iringa, jirani na Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894. Misheni yake ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikachukuliwa na Wakonsolata kutoka Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Pana sekondari kongwe, pana hospitali ambayo wengi huiita Ipamba, pana nyumba ya watoto yatima inayosimamiwa na masista. Kwa hiyo ni mahali ambapo elimu, dini na mateso ya mtoto wa kike vinakaa uwanja mmoja, vikisikiana kengele.

Halafu kuna jina lenyewe. Wenyeji hulifasiri kuwa ni kutupa mawe. Mtu aliyekulia misheni hawezi kusikia habari ya kutupa mawe asimkumbuke yule mwanamke wa Injili ya Yohana, sura ya 8, aliyeletwa mbele ya Yesu kwa sababu amefumaniwa akizini. Amefumaniwa na nani? Uzinzi haufanywi na mtu mmoja. Waliomfumania walimwona na mwanaume, lakini uwanjani kaletwa mwanamke peke yake. Swali letu la bodaboda, kumbe, lina miaka karibu 2,000.

Mchezo wetu wa shule haukuota wenyewe kama uyoga. Wanafunzi wameutoa kwenye vitabu tunavyowapa. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari Tanzania Bara, akisoma fasihi ya Kiswahili, amekutana na tamthiliya tatu: Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation, na Orodha ya Steve Reynolds. Kwenye riwaya akakutana na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Takadini ya Ben Hanson. Hebu tuwahesabu wasichana waliomo humo.

Katika Ngoswe tuna Mazoea. Karani wa sensa anafika kijijini kuhesabu watu, anampenda binti wa mwenyeji wake, anaacha kazi, karatasi za serikali zinateketea. Kitabu kinatuuliza habari ya uzembe, na jina lenyewe limeshatoa hukumu kwamba penzi ndilo kitovu. Lakini angalia kejeli iliyomo. Kazi nzima ni ya kuhesabu watu, na mtu ambaye hahesabiwi na yeyote ni Mazoea. Baba anamwona mali, Ngoswe anamwona kishawishi. Tunajua hasara ya taifa kwa karatasi zilizoungua. Hasara ya Mazoea haijawahi kuulizwa kwenye mtihani.

Katika Kilio Chetu tuna Anna. Watu wazima wanaona aibu kuzungumza na watoto wao habari za miili yao. Anna anapata mimba, na Joti anakufa kwa UKIMWI. Hapa lazima tuwe waungwana. Tamthiliya hii inasema wazi kwamba kosa la kwanza ni la wazazi walionyamaza, na kilio cha kwenye jina ni kilio cha watoto. Ni kitabu jasiri kwa wakati wake. Hata hivyo, muulize mwanafunzi amebaki na nini kichwani. Amebaki na tumbo la Anna.

Zita wa Watoto wa Mama N'tilie anatolewa shule kwa sababu ya umaskini na hatimaye anakufa. Furaha wa Orodha anakufa. Ukipanda ngazi kidogo na kufika kwenye Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Rosa naye anajiua. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa madai ya kukosa maadili, baadaye kikaja kusomwa sana. Cha ajabu ni kwamba ndicho kilichomshika baba shingoni kuliko vyote: Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na Kezilahabi anaonyesha hatua kwa hatua jinsi kipigo kile kilivyozaa yote yaliyofuata. Waliosema hakina maadili walikuwa wanamtazama Rosa. Zakaria hawakumwona.

Yaani ukipanga makaburi ya wasichana wa fasihi yetu ya shule, unapata kiwanja kizima. Na msichana wa kidato cha tatu anayekaa dawati la mbele anajifunza jambo ambalo mwalimu hakulikusudia: kwamba hadithi ya mtu kama yeye ina njia mbili tu, kuogopa au kufa.

Hata hivyo sitaki tuwatupie mawe waandishi. Kosa kubwa naliona kwetu sisi wasomaji, wahakiki na walimu, hasa kwenye yale madesa yanayouzwa stesheni na kusambazwa kwa simu. Yafungue ukurasa wa wahusika. Utakuta: "Furaha: ni malaya, ana tamaa, hana msimamo, hafai kuigwa na jamii." Ndivyo inavyoandikwa, na mtoto anaikariri apate alama.

Sasa soma Orodha yenyewe. Furaha amekufa na ameacha barua isomwe siku ya mazishi. Ndani ya barua kuna orodha. Wanaume kijijini, watu wenye heshima zao, na padri akiwamo, wanahaha kuizuia isisomwe kwa sababu kila mmoja anaamini jina lake limo. Tamthiliya nzima inaendeshwa na hofu yao. Barua inaposomwa, hakuna jina hata moja. Kilichoorodheshwa ni mambo ambayo Furaha angeyapata yangemwokoa. Kwa maneno mengine, Reynolds ameandika tamthiliya ambayo ndani yake wanaume wanakimbia swali la "mwanaume kaenda wapi", na mbio zao ndizo zinazowaumbua. Tumeichukua kazi hiyo, tukaikamua, tukaambulia sentensi moja: Furaha ni malaya. Huo si uhakiki, jamani. Ni kijiji kilekile kimehamia darasani.

Na Iringa si mahali pa kuisoma Orodha kama hadithi ya mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchi nzima. Utafiti wa 2022–23 ukakuta hali bado ni hiyohiyo: Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Darasa lolote la huku linaposoma mazishi ya Furaha, wamo ndani watoto walioyaona mazishi hayo nyumbani kwao. Mwalimu anapoandika neno "malaya" ubaoni, kuna mtoto anayelinakili huku akimkumbuka mama yake.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya kijana anayetaka kutetea usawa wa jinsia, kabla ya fulana na bango, ni kusoma upya. Kusoma maneno yaliyopo, kuuliza nani hayupo, kuuliza nani ameamua kwamba huyu ndiye abebe lawama. Msomaji anaweza kuniambia: haya ni mambo ya vitabuni, yatamsaidia nini mtoto wa Kalenga? Yatamsaidia sana, kwa sababu sheria nazo ni maandishi.

Chukua Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999 na kusomwa na wengi kidato cha tano na sita. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Bwana Raza, mwanaume wa miaka 52. Anatoroka. Anakosea, anapenda, anateseka, anaingia kwenye harakati za kupinga ukoloni, na muhimu kuliko yote, hafi. Mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu, na vijana ambao hawajawahi kufungua riwaya wakamjua Yasmin. Tukiisoma tunasikitika: miaka 15! Zamani hizo, Zanzibar ya mkoloni!

Zamani zipi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 13, iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18 na wa kuolewa kwa msichana miaka 15, na mahakama ikaruhusiwa kushuka hadi 14. Kifungu cha 17 kikaweka ridhaa ya wazazi kwa aliye chini ya 18. Umri wa Yasmin ulikuwa umeandikwa ndani ya sheria yetu wenyewe, miaka kumi baada ya Uhuru. Vizazi vya wanafunzi vimemlilia Yasmin darasani halafu vikatoka nje na kuishi chini ya kifungu hicho bila kukijua.

Aliyekijua na kukishika ni Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, mwanzilishi wa Msichana Initiative. Mwaka 2016 alifungua shauri Mahakama Kuu akisema vifungu hivyo viwili vinakiuka Katiba. Julai 2016 mahakama ikakubaliana naye na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka 2018, kesi ikiwa bado haijaisha, Gyumi alikuwa ameshapewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka mmoja ule uliotolewa na mahakama ulikwisha na Bunge halikuwa limebadili kifungu. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba hii ni hadithi yenye mwisho mtamu. Lakini tazama alichofanya: alisoma maandishi, akaona maneno mawili yaliyokaa vibaya, 18 hapa na 15 pale, akauliza kwa nini. Mhakiki mzuri hufanya hivyohivyo.

Mfano mwingine, huu wa neno moja tu. Kwa miaka mingi wasichana waliopata mimba walifukuzwa shule, na watu wote waliamini ni sheria. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ukizisoma, zinataja kosa dhidi ya maadili na zinataja kufunga ndoa. Mimba haikutajwa. Watu ndio waliolitafsiri neno "maadili" likawa na maana ya tumbo la msichana. Neno hilohilo lililomfungia Rosa Mistika nje ya maktaba ndilo lililowafungia wasichana wenye mimba nje ya geti. Mwezi Novemba 2021 waziri wa elimu alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida, tafsiri ilibadilika. Kwa wale waliokuwa wameshapanda basi, tafsiri ilichelewa.

Na wa bodaboda? Naye ameandikiwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Kwenye karatasi, mwanaume amerudishwa jukwaani kwa kishindo. Vijijini mambo ni mengine. Familia zinakaa chini, zinaelewana, ng'ombe au fedha zinahama mkono, na shahidi mkuu, ambaye ni binti, anaambiwa asiseme. Adhabu ikiwa kubwa na ukimya ukiwa mkubwa zaidi, ukimya ndio unaoshinda. Hapo ndipo sanaa inapotakiwa kuingia, na hapo ndipo mchezo wetu wa shule unapoangusha watu.

Kabla hujasema nataka makubwa, nikukumbushe kwamba njia nyingine ipo, na ilibuniwa hapahapa nchini. Mwaka 1996, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mbele, walianzisha mradi wa TUSEME katika shule za sekondari. Jina linajieleza. Baadaye shirika la FAWE likaupeleka nchi nyingine za Afrika. Nguvu ya TUSEME iko kwenye utaratibu wake. Wasichana wenyewe wanabaini tatizo linalowabana shuleni kwao. Wanalichambua: linasababishwa na nini, nani anafaidika. Halafu ndipo wanaigiza, mbele ya watu wanaohusika, walimu na wazazi wakiwamo. Mchezo ukiisha hakuna kupiga makofi na kwenda kula pilau. Kuna mjadala, kuna makubaliano ya nani atafanya nini, kisha kuna kufuatilia kama limefanyika.

Linganisha na mchezo wa turubai. Kule ujumbe unaandikwa na mtu mzima na kukaririshwa kwa mtoto. Huku mtoto ndiye mwandishi, na mtu mzima ndiye anayeulizwa. Kule funzo ni "wasichana, jihadharini". Huku swali ni "mwalimu, kwa nini choo chetu hakina mlango?" Wala usidhani tofauti hiyo ni ndogo. Mlango wa choo unaweza kuamua kama msichana atakuja shule siku za hedhi au atabaki nyumbani.

Huyu Penina Mlama ndiye Penina Muhando wa Nguzo Mama, tamthiliya iliyotoka mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata, wengine wakiitwa kwa majina ya namba, wanataka kusimamisha nguzo. Wanashindwa. Kila mmoja ana shida yake inayomvuta pembeni: mume, urithi, biashara, wivu. Wengi wameilaumu tamthiliya hiyo kwamba inakatisha tamaa. Mimi naona ni heshima kwa hadhira. Muhando hakutaka kutudanganya kwamba nguzo imesimama ili turudi nyumbani tumeridhika. Aliiacha chini mbele ya macho yetu. Ukitoka ukumbini unajua bado iko chini. Miaka 14 baadaye yeye na wenzake wakaenda mashuleni kuanza kuinyanyua.

Sasa, kijana wa Tosamaganga afanye nini? Nianze na jambo ambalo ni letu hasa: wanyalukolo kwenda kufanya kazi za ndani. Ukiwa Dar ukisema unatoka Iringa, utani wa kwanza ni wa mahausigeli. Vichekesho vya runinga vimeushika utani huo na lafudhi yake. Dada wa kazi ni mshamba anayeogopa feni, au mjanja anayemnyemelea baba mwenye nyumba. Tofautisha na Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978, anayeamka kabla ya jua na ambaye mwandishi anatulazimisha kuhesabu kila ndoo anayobeba. Huyo ni mtumishi aliyeandikwa kama mtu. Binti wa Iringa bado hajaandikwa hivyo, na hakuna atakayemwandika vizuri kuliko mdogo wake aliyebaki nyumbani na anayejua nani alikuja kumchukua, aliahidi nini, na simu iliacha kupatikana lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Ni wangapi wanaijua? Iandikwe ndani ya mchezo, midomoni mwa mhusika, na yule dalali wa wasichana apewe jina na onyesho lake.

La pili ni geto. Shule za kata zilisogeza elimu karibu, lakini karibu ya Uhehe bado ni milima na mabonde. Wasichana wanapanga vyumba mitaani ili wawe jirani na shule. Mwenye nyumba anataka kodi, unga umekwisha, na wa bodaboda yuko nje. Mchezo wetu unakiita kitendo kinachofuata "tamaa". Mhakiki makini angekiita kodi. Vijana wakibadili neno hilo moja tu, mchezo wote unageuka: mgeni rasmi hawezi tena kusimama na kusema wasichana waache tamaa, lazima aseme bweni litajengwa lini.

La tatu ni wavulana. Maeneo ya misheni kongwe yamelea wavulana wengi walioshika nchi hii, na darasa la wavulana watupu linasoma Orodha kama kila darasa. Wapewe kazi tofauti. Wasiandike sifa za Furaha. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa sauti ya mwanaume mmojawapo anayeogopa barua, usiku wa kuamkia mazishi. Haigharimu kitu. Na kijana wa miaka 17 aliyewahi kukaa ndani ya hofu hiyo, hata kwa ukurasa mmoja, atalisikia tofauti neno "malaya" litakapotajwa tena kijiweni.

La nne: mchezo uishie kwenye mlango halisi. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Kuna namba 116, ya bure, ya kumsaidia mtoto. Kuna ofisa ustawi wa jamii. Mhusika akienda huko jukwaani, hadhira inajifunza njia. Akienda Dar, hadhira inajifunza njia hiyo pia.

Najua pingamizi mbili zinakuja. Ya kwanza, kwamba haya ni mambo ya Wazungu na wafadhili. Penina Muhando aliandika Tambueni Haki Zetu mwaka 1973. Ndyanao Balisidya akaandika Shida na Martha Mvungi akaandika Hana Hatia, vyote 1975. Bibi Titi Mohamed aliwahamasisha wanawake wajiunge na TANU kuanzia 1955, na hakuna mfadhili aliyemwandikia mradi. Anayesema usawa umeletwa na ndege ajaribu kwanza kusoma rafu ya vitabu vya mama zake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na sitalipuuza: kwamba sanaa haijengi bweni. Kweli, haijengi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Tanzania walikuwa wamewahi kupata mimba. Idadi hiyo haishuki kwa mashairi. Lakini fedha za halmashauri huenda panapoonekana tatizo, na tatizo huonekana pale lilipopewa jina. Tukiendelea kuliita tamaa, fedha zitaendelea kununua fulana zenye maandishi ya kuwaonya wasichana. Tukiliita kodi, umbali, ukimya wa familia na mwanaume aliyetoroka, angalau tutakuwa tumeomba kitu sahihi.

Riwaya ya Takadini inatupa kidokezo kimoja cha kufunga nacho mjadala. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, na mila inasema mtoto afe. Sekai anambeba na kukimbia usiku. Hafi. Mtoto hafi. Baadaye Shingai, msichana, anamchagua Takadini kwa hiari yake. Ni riwaya ileile ya darasa lilelile, lakini maswali ya mtihani huelekezwa zaidi kwenye "mila potofu" kuliko kwenye miguu ya Sekai. Ningependa kuona swali hili: "Sekai alijuaje kwamba inawezekana kukataa? Jadili." Mwanafunzi asingepata jibu kwenye madesa. Angelazimika kufikiri.

Nami nawaachia vijana wa Tosamaganga zoezi moja, la nyumbani au la klabu. Chukueni Orodha, fikeni ukurasa ule barua inaposomwa, halafu iwekeni pembeni na mwandike orodha yenu: vitu ambavyo msichana wa hapa angevipata vingemwokoa. Bweni, mlango wa choo, taulo za kike, mzazi anayeongea, sheria inayosema 18 kwa wote, kaka anayesema hapana mbele ya wenzake. Mkimaliza, andikeni mbele ya kila kimoja nani anapaswa kukileta, kwa cheo chake. Isomeni siku ya mahafali. Nadhani mtaona wageni rasmi wakihangaika kidogo kwenye viti, kila mmoja akisikiliza kama cheo chake kimo.